Sekunde Ishirini na Tatu

Nabofya folda. Nahesabu.
Moja, mbili, tatu. Nje theluji ya Tartu inashuka
taratibu, kana kwamba nayo inafunguliwa na mashine yangu.
Dirisha limekuja jeupe, tupu,
sahani iliyotangulia chakula.
Kumi na moja. Kumi na mbili.
Kiduara cha buluu kinazunguka, kinazunguka,
mbwa anayefukuza mkia wake.
Ishirini na tatu. Ndipo majina ya faili yanapotokea
yote kwa mkupuo, kama watoto waliochelewa shule
wakijifanya walikuwapo tangu kengele.

Subira huvuta heri, sawa.
Yangu imevuta vikombe viwili vya chai iliyopoa
na hesabu za Januari zilizolala bila kufungwa.

“Shangazi Helve, nunua mpya,” akasema Rauno kwa simu.
Vijana hawa! Kitu kikikohoa, wameshashika sepetu.
Mimi nimetunza vitabu vya kiwanda cha mikate
miaka thelathini na mmoja;
senti ikipotea sichomi daftari,
naitafuta senti.

Nikazima, nikawasha. Ishirini na tatu.
Nikafungua ubavu wa mashine kwa bisibisi ya cherehani,
nikatoa manyoya ya paka kiasi cha kutengeneza paka mwingine;
feni ikapumua. Ishirini na tatu.
Nikafuta vijipicha, nikafuta historia,
nikamwaga pipa la taka. Ishirini na mbili!
Nikasimama, nikajipigia makofi,
nikapima tena:
na tatu.
Diski ikakaguliwa usiku kucha, ikaamka
na cheti cha afya ambacho mimi mwenyewe sina.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa.
Mchovu leo huchelewa dakika, kesho saa.
Anayechelewa kwa kipimo kilekile kila siku
ana mahali anapopitia.

Nikachomoa waya wa mtandao.
Nikabofya.
Faili zikafunguka kabla sijatamka moja.

Nikaurudisha waya, nikavaa miwani,
nikasoma ule upande wa kushoto wa dirisha
ambao jicho huuruka kama picha ya ukutani iliyozoeleka:
Eneo-kazi. Nyaraka. Picha.
Na chini kabisa, kimebandikwa msalaba mdogo mwekundu:
Z, Kwa Tiit.

Tiit aliondoka Oktoba, akaenda Pärnu
kwa mwanamke anayefuga nyuki.
Alibeba skii zake, kodiani ya baba yake,
na kompyuta iliyokuwa chumba cha pili.
Tuligawana vijiko. Tuligawana deni la paa.
Hakuna aliyekumbuka kuiarifu mashine.

Kumbe kila nilipoomba ankara ya unga
yenyewe kwanza ilikwenda chumba cha pili.
Hodi. Kimya.
Hodi. Kimya.
Hodi, ya tatu, ambayo baada yake muungwana huondoka,
ndipo irudi kwangu, mikono mitupu, inipe changu.
Miezi mitatu imebisha hivyo, mchana na usiku,
wala haikuninung'unikia.
Na mimi niliyebadilisha kitasa wiki ileile!

Nikabofya kulia. Tenganisha.
Ikauliza: Una hakika?
Mwanasheria alinitoza yuro mia nne kwa swali hilohilo.
Ndiyo.

Sasa zinafunguka papo hapo, karibu zinishtue.
Leo asubuhi nimebofya, mkono ukaenda wenyewe kwenye kikombe,
midomo imeshafika nne, tano,
na ankara zote ziko mbele yangu zinanitazama.
Chai bado ya moto.
Imeniunguza ulimi.